Chozi wa Amani na kaunta buku langu

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni msitu wa Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, kila kindege chenye mdomo mrefu uliopinda nilikiita ndege mvumaji wa Kiafrika. Wageni wakafurahi, wakaandika. Mpaka akaja mama mmoja mtu mzima aliyezunguka sana Ekuado. Akangoja nimalize, kisha akasema kwa upole tu: "Mwanangu, wavumaji wote wako Amerika. Huku hakuna hata mmoja." Kundi zima lilisikia. Njia ya kushuka Sigi siku hiyo niliiona ndefu.

Niliteremka Muheza nikanunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza niliandika undugu: mvumaji ana nasaba na teleka, wale wenye mbawa kama mundu, lakini chozi, ndiye yule kindege wetu wa mdomo uliopinda, yuko upande wa akina shomoro. Kinachowafananisha ni kazi, kunyonya maua. Mvuvi wa Sahare na mvuvi wa Brazili wote viganja vyao vina sugu, lakini hawakuzaliwa tumbo moja. Na ukitazama vizuri, mvumaji hunyonya akiwa anaelea hewani, chozi wetu mara nyingi hutua kwanza.

Hapo palikuwa rahisi. Kilichonitoa jasho ni majina. Kitabu cha zamani nilichoazima kilimweka chozi wa Amani katika jenasi (kundi la ndugu wa karibu) iitwayo Anthreptes, ndivyo wataalamu wa ndege Sclater na Moreau walivyompa jina mwaka 1935. (Moreau alikuwa akifanya kazi hapa hapa Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo.) Orodha mpya ikamwita Hedydipna. Mimi nikadhani ni ndege wawili! Wiki kadhaa nilimtafuta huyo wa pili, shingo ikiniuma kwa kuangalia juu, kumbe ni yule yule aliyehamishiwa jenasi nyingine.

Nilipoelewa hivyo, kazi ikawa nyepesi. Katika Hedydipna ana binamu wa kawaida kabisa, mwenye tumbo la njano, anayerukaruka kwenye vichaka vya pembezoni mwa mashamba. Nikamsoma huyo kwanza hadi nikamzoea. Halafu ndipo nikapandisha darubini juu ya miti mirefu kumtafuta dume mwenye kichwa cha kijani kilichoiva na tumbo jeupe. Asubuhi ya tatu nikampata. Chozi mwingine wa milimani, mwenye kifua cha kijivu na mstari mwembamba mwekundu, yeye amebaki Anthreptes, kwa hiyo nimempa ukurasa wake mbali na hawa.

Majike nayaogopa mpaka leo. Jike la chozi wa Amani ni kijivu juu, jeupe chini, basi. Nikiona jike peke yake nanyamaza, nangoja dume litokee, na mgeni akiniuliza namwambia tungoje kidogo.