Kibanda cha kuotea kulungu tulichojenga mwaka wa bei mbaya ya mbao

Agosti 2020 plaiwudi huku Wisconsin, Marekani, ilikuwa adimu, yaani unaingia duka la vifaa vya ujenzi unakuta rafu tupu, na zile mbao chache za mbili kwa nne zilizobaki zimepinda hata kitanda huwezi kutengenezea. Watu walikuwa wamefungiwa na korona wote wakaamua kurekebisha nyumba kwa wakati mmoja, viwanda vya mbao navyo vilikuwa vimepunguza kazi tangu mlipuko unaanza, bei ikapaa. Na ndo mwaka huohuo sisi tukaamua kujenga kibanda cha kuotea kulungu, yaani cha kujificha ukiwasubiri uwawinde, kile cha kukaa chini, sio cha juu ya mti, maana baba mkwe magoti hayataki tena ngazi.

Baba mkwe ana eka 40 kaunti ya Douglas, kule juu kabisa kaskazini magharibi ya jimbo. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia kile kihema cha kukunja, kitambaa cha poliesta na vijiti vya faibaglasi, unavuta kamba kila upande kinatuna chenyewe. Ni kizuri, sikatai, unakibeba mgongoni, na kwa mtu wa upinde anayehamahama sijui kama kuna kitu bora zaidi. Ila ukikiacha porini jua la kiangazi linalegeza kitambaa mpaka kinachanika kwa kidole, panya wanatoboa kona, na paa lake ni bapa. Wiki ya Thanksgiving 2019, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani mwezi Novemba, dhoruba mbili za theluji zilifuatana, ya pili ikaangukia mwisho wa msimu wa kuwinda, tulivyorudi kukitoa tukakuta kitambaa kimelala chini, vijiti vimevunjika, na thermos ya shemeji iko humo chini ya theluji.

Shemeji akasema tununue vile vya plastiki nene vya kiwandani, unaletewa na lori, hakiozi, hakitaki rangi. Ni kweli vinadumu. Akamwonyesha mzee bei kwenye simu, dola elfu mbili na kuendelea. Mzee akaangalia, akamrudishia simu yake, akaendelea kunywa kahawa.

Mimi nikamkumbuka fundi mmoja Mkongo wa Uvira, anakaa Appleton, seremala wa kweli sio wa YouTube. Nikampigia, akakubali kwa sharti moja, nyama ikipatikana naye ana fungu lake. Tukaendesha masaa kama matano kwenda huko. Kufika tu akaanza kunihoji.

"Mukubwa, hii nyumba mutaikala siku ngapi?"

Nikamwambia msimu wa kuwinda kwa bunduki ni siku tisa, unaanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving.

"Na siku ingine yote, ni nani atakala ndani?"

Nikacheka ila nikamtafsiria baba mkwe, na mzee hakucheka. Akaanza kumtajia wapangaji: panya, nyigu wanaojenga kwenye fremu za madirisha, na nungunungu. Watu wa nyumbani mtashangaa, nungunungu wa huku anapanda miti, na anapenda plaiwudi kwa ajili ya gundi yake, na chochote chenye chumvi hata ya jasho la mikono. Hapo ndo nikaelewa tunajenga nini hasa. Kwetu Njombe dungu la kulindia mahindi lisipate nguruwe ni la msimu mmoja, miti na nyasi, mavuno yakiisha mtu analigeuza kuni. Hiki kilitakiwa kikae peke yake miezi kumi na moja na theluji juu yake, halafu Novemba kifunguke bila mlio.

Mbao tulizipata bila kununua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na deki, ile baraza ya mbao, ya zamani ambayo mzee alikuwa anataka kuibomoa, fundi akaigonga kwa nyundo huku na huku akaniuliza, "Mbao iko hapa, munaenda kutafuta nini ku magazini?", yaani dukani. Na alikuwa na hoja, maana mbao mpya za dawa unauziwa bado zimelowa, zikikauka zinasinyaa na kujipinda, mlango ulioutengeneza leo mwezi ujao haufungi. Hizi zilishajipinda zamani, unachagua zilizonyooka tu. Tulichonunua ni plaiwudi ya sakafu, kwa bei ya kulia, na skrubu za kuzuia kutu, maana tangu 2004 hivi mbao za dawa za majumbani huku zinatiwa dawa yenye shaba na inakula skrubu za kawaida haraka sana.

Chini tukaweka magogo mawili ya mraba, ncha zimechongwa mshazari ili trekta liweze kukiburuta, juu yake sakafu ya futi sita kwa sita, kingo zote za plaiwudi zikazungushiwa vipande vya bati kwa heshima ya nungunungu. Paa ni bati la ghala lililoanguka, linateremkia nyuma ili theluji isikae, na chini yake tukabandika zulia kuukuu kwa sababu mvua kwenye bati unaijua kelele yake. Ndani rangi nyeusi tupu, ukuta wa nyuma hauna dirisha, kulungu akitazama asione kivuli cha mtu kikikatiza mwanga.

Kazi iliyotuchukua muda kuliko zote ni madirisha. Fundi alimkalisha baba mkwe kwenye kiti cha ofisi katikati ya sakafu, kuta bado fremu tupu, akampa fagio lisilo na kichwa awe anaelekeza kama bunduki, yeye penseli sikioni anaweka alama kwenye nguzo, anapima na pima maji, anarudi, "tena, mwambie alenge kushoto". Mzee analenga kushoto. Shemeji ni mfupi akaanza kulalamika kwamba yeye atakuwa anaangalia mawingu, mzee akamwambia alete mto. Vioo vikawekwa bawaba za kushukia ndani, vimepakwa grisi, na pale vinapotua pamepigiwa kipande cha zulia. Fundi alikuwa anafungua na kufunga dirisha lile lile macho amefumba, anasikiliza, akisikia tik anatoa skrubu anaanza upya, mpaka nikaona hii sasa ni roho mbaya.

Tulikiweka upande wa kusini mashariki wa uwazi wa msitu, mdomo kaskazini magharibi, maana Novemba upepo mara nyingi unatoka huko baada ya baridi kushuka, harufu yako inaenda nyuma. Jua la asubuhi pia halikupigi machoni. Halafu mzee akapigilia kitambaa cha rangi ya chungwa kila upande. Kwenye ardhi ya serikali ya jimbo ni sheria, inchi 144 za mraba zionekane kila upande wakati wa bunduki, kwake sio lazima, ila alisema risasi haisomi hati ya kiwanja. Kulungu rangi hiyo haioni kama sisi.

Kamera ya porini ilionyesha mwanzoni wanakipita kwa mbali, Oktoba wakawa wanakula majani mlangoni. Novemba 21 msimu ukafunguliwa, Jumamosi nzima nikaona kindi tu. Jumapili asubuhi akaja dume lenye pembe za ncha nane, nikashusha kioo, hakugeuza hata sikio. Nikampiga, nikamsajili kwa simu siku hiyohiyo kuwa ni windo langu, mguu wa nyuma ukaenda Appleton, fundi akanitumia picha ya sufuria na pilipili zake.

Aprili tulirudi kukagua. Panya hakuna, milango inafungwa, nungunungu alikuwa amezunguka kibanda chote, kaacha mavi na miiba miwili mitatu chini. Ila choo cha nje, kile cha babu yake mzee, alikuwa amekula kiti chote cha mbao akabakiza fremu. Baba mkwe akasimama pale muda, halafu akaniuliza kama yule fundi anatengeneza na vyoo.