Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na ukanda mwembamba

Saa 11:30 alfajiri. Nikishaswali nafungua daftari kabla ya kugusa simu. Saa hizi ni za uthibitisho. Mchana ni wa watu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa hisabati hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu wa uzamivu unahusu maumbo membamba. Chukua ukanda wenye urefu wa 1 na unene mdogo sana, ambao tunauita epsiloni. Ndani yake kuna joto, na kuta zote zimezibwa lisitoke. Joto hilo litasawazika kwa kasi gani? Jibu limo ndani ya thamani za aigeni (namba zinazoonyesha kila umbo la joto linafifia kwa kasi gani) za opereta ya Laplace, ile kanuni ya hesabu inayoeleza joto linavyosambaa. Ya kwanza ni sifuri. Inayofuata ndiyo inayoamua kasi. Unene ukiwa sawa kote, thamani hiyo ni π², yaani 9.87, hata epsiloni iwe ndogo kiasi gani.

Sasa acha sakafu tambarare, paa lipande na kushuka: nusu ya urefu ina unene wa epsiloni moja, nusu nyingine epsiloni tatu, kwa kupokezana. Kila kupanda na kushuka kwa paa nakuita pindo. Epsiloni ikipungua na mapindo yakiongezeka, mwishowe unabaki na mstari tu. Wengi, hata wenzangu wa fani nyingine za hisabati, hudhani mstari ni mstari. Sivyo. Mstari huo unakumbuka paa lilivyokuwa, na mimi nataka kujua unakumbuka kwa namna gani.

Saa 2 asubuhi. Kipindi cha mwaka wa pili, aljebra ya matriki, yaani majedwali ya namba. Leo tunatafuta thamani za aigeni za matriki ya mbili kwa mbili, jambo ambalo wakilielewa vizuri watalitumia maisha yao yote ya hesabu. Baada ya kipindi binti mmoja ananifuata hadi mlangoni. Wiki iliyopita niliwagusia habari za ukanda.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kuta zisipozibwa, zikawekwa kwenye nyuzi sifuri muda wote, inakuwaje?"

Swali zuri mno. Tunarudi ubaoni. Hapo mambo yanageuka kabisa: joto linatoroka kupitia kuta, na linatoroka haraka zaidi pale palipobana. Kwa hiyo linalodumu ni lile lililojikusanya penye unene mkubwa kuliko kote. Namwandikia mfano: karibu na katikati ya ukanda unene ni epsiloni mara (1 − x²), x hapa ikiwa umbali kutoka katikati. Thamani ya kwanza inakaribia π² gawanya kwa epsiloni mraba, jumlisha √2 mara π gawanya kwa epsiloni. Weka epsiloni 0.01, unapata 98,696 na nyongeza ya kama 444. Nyongeza hiyo ndiyo ile ya kitetemeshi cha hamoniki (mfano wa kitu kinachotetemeka kama uzito kwenye springi) cha fizikia ya kwanta, na joto linabaki limejikunja kwenye eneo la upana wa kama 0.05 kila upande wa katikati. Leonid Friedlander na Michael Solomyak walilithibitisha jambo hili mwaka 2009 kwa maumbo mapana zaidi ya mfano wangu. Binti anapiga picha ubao. Naondoka nimefurahi kuliko nilivyoingia.

Saa 4 asubuhi. Ofisini. Narudi kwenye kuta zilizozibwa, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu kuna hali tatu na kila moja ina tabia yake.

Mapindo yakiwa marefu mno kuliko unene, joto linapita kwa utaratibu: sehemu zilizobana zinalizuia, sehemu pana zinalihifadhi. Uwezo wa kupitisha unapatikana kwa wastani wa hamoniki wa 1 na 3, yaani 2 gawanya kwa (1/1 + 1/3), ambao ni 1.5. Uwezo wa kuhifadhi ni wastani wa kawaida, 2. Gawanya, unapata 0.75. Thamani ya aigeni inashuka kutoka 9.87 hadi 7.40.

Mapindo yakiwa mafupi mno kuliko unene, paa linakuwa kama meno ya kitana. Joto linaingia kwenye jino na kukaa humo, lakini haliwezi kuvuka kutoka jino hadi jino isipokuwa kwa kushuka chini. Linalopitisha ni lile tabaka la chini lenye unene wa epsiloni moja peke yake, wakati meno yanaendelea kuhifadhi. Uwiano ni nusu, na thamani inakuwa 4.93.

Mapindo yakilingana na unene, hakuna njia ya mkato. Lazima utatue tatizo dogo kwenye pindo moja, kisha jibu lake likupe uwezo wa ukanda mzima. Hiyo ndiyo homojenizesheni. Hata kabla ya kutatua unajua jibu litaangukia kati ya 4.93 na 7.40, na uthibitisho wake hauzidi mistari minne. Kwangu mistari hiyo minne inapendeza kuliko kurasa nyingi nilizowahi kusoma.

Saa 7 mchana. Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie.

Saa 8 mchana. Kompyuta. Natumia FreeFEM, programu ya kukokotoa milinganyo ya namna hii, kugawanya pindo moja kuwa pembetatu ndogondogo. Tabu iko kwenye kona za ndani za digrii 270: pale mteremko wa joto unakua bila kikomo, na usahihi unapungua. Badala ya kosa kushuka kwa kipeo cha 2 cha ukubwa wa pembetatu, linashuka kwa kipeo cha 4/3. Dawa yake ni kusaga pembetatu karibu na kona hizo tu, mara nyingi, na kuacha kwingine zilivyo. Nafanya hivyo mpaka tarakimu za mwanzo zitulie.

Saa 10 jioni. Mazungumzo ya video na msimamizi wangu mwenza aliyeko Sweden. Tunajadili kama tutumie muunganiko wa mizani mbili, yaani njia ya kufuata ukanda mzima na pindo dogo kwa pamoja epsiloni inapopungua. Mbinu hiyo ilianzishwa na Gabriel Nguetseng wa Yaoundé, Kamerun, katika makala yake ya mwaka 1989. Grégoire Allaire akaiendeleza mwaka 1992, na leo inatumika sana katika homojenizesheni. Wanafunzi wangu nawatajia jina la Nguetseng kila muhula, kwa makusudi. Tunakubaliana: muunganiko wa mizani mbili kwa ajili ya kikomo, mbinu nyingine kwa ajili ya kupima kosa.

Saa 3 usiku. Watoto wamelala. Naandika makadirio ya kosa, yaani jibu la mstari liko mbali kiasi gani na la ukanda halisi. Katikati ya ukanda funksheni ya kusahihisha, inayotokana na lile tatizo dogo la pindo moja, inafanya kazi yake vizuri, ila kwenye ncha mbili, x ikiwa 0 na 1, haitimizi sharti la ukuta uliozibwa. Inabidi kuongeza tabaka la mpakani linalofifia kwa kasi ya kipeo kadiri unavyoingia ndani. Lema (uthibitisho mdogo unaosaidia mkubwa) ya ncha ya kushoto imekamilika. Ya kulia inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ukanda unaweza kukatika katikati ya pindo, na mahali unapokatika hubadilika kila epsiloni inapobadilika. Kesho alfajiri naanzia hapo.