Usiku Tulioingia Lisbon

Juzi mtoto wa jirani alikuja kuchuma mrehani uani kwangu, kwa ajili ya vikuba vya harusi ya dada yake, akaiacha nyumba nzima ikinukia. Mwanangu, ambaye siku hizi halipitishi jambo bila kuliulizia, akataka kujua kama Ulaya nako mrehani huota. Nilimjibu kwamba niliukuta Lisbon, kisha nikajikuta namsimulia usiku mzima badala ya jibu fupi aliloliomba.

Ilikuwa tarehe 12 Juni 2014. Mimi na mdogo wangu tulitoka Porto kwa treni ya jioni, kila mmoja na begi lake mgongoni, lake likiwa limefungiwa sufuria kwa nje iliyogonga kila alipopiga hatua. Tulishuka kituo cha Santa Apolónia, kando ya mto Tejo, karibu saa tatu usiku, na jambo la kwanza kutushangaza ni kwamba jua ndiyo kwanza linazama. Sisi tumezaliwa mahali ambapo saa moja ikifika ni giza, mwaka nenda mwaka rudi. Siku ile tuliichagua kwa sababu ya bei ya tiketi tu. Hatukuwa na habari kwamba ndio mkesha wa Mtakatifu Antonio, mzaliwa wa Lisbon, ambao wenyeji huusherehekea mpaka alfajiri.

Tena mimi nilikuwa na Lisbon yangu kichwani. Mtoto wa Mombasa hulisikia jina la mji huo darasani, pamoja na Vasco da Gama aliyetufikia 1498, Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, na mazingiwa marefu yaliyomtoa Mreno ngomeni mwaka 1698. Nilitarajia mji mzito, wenye kuta nene na watu wasiotazama pembeni.

Tulivuka barabara tu, tukawa tumeingia Alfama, mtaa ambao kwa sehemu kubwa ulisalimika katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, na ndiyo maana vichochoro vyake bado vimejipinda na kubanana. Moshi ulikuwa umevijaa. Mbele ya kila mlango wa pili palikuwa na jiko la makaa, na juu yake sardini wanachomwa wazima, na magamba yao, wamenyunyiziwa chumvi ya chenga. Juu ya vichwa vyetu mapambo ya karatasi za rangi yalivuka kutoka dirisha hadi dirisha. Vikongwe walikaa vizingitini wakiuza vinywaji, watoto wakipita chini ya meza, na muziki wa kila nyumba ukigombana na wa jirani yake.

“Dada, hapa pana harusi ya nani?” mdogo wangu aliuliza.

Ghafla kelele zikapanda kutoka madirishani, nusu kicheko na nusu kilio. Ndipo tulipokumbuka kwamba Kombe la Dunia limefunguliwa saa ile ile. Marcelo wa Brazil alikuwa amejifunga bao dhidi ya Croatia. Tulinunua samaki, wakawekwa juu ya kipande cha mkate, ambacho huliwa mwisho kikiwa kimekwisha kunywa mafuta yote. Supu tuliikataa baada ya kuona kipande cha soseji ya nguruwe kikielea.

Njia ilikuwa ngazi tupu, na mawe yake yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza. Kwenye kona moja nilisimama nivute pumzi, na harufu ikanifikia kabla sijaona inakotoka. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amepanga mezani vyungu vidogo vya udongo, kila kimoja na kijiti cha mrehani wenye majani madogo mno, umejiviringa kama mpira. Katika kila chungu kulichomekwa ua la karatasi na kibendera chenye ubeti wa mishororo minne. Mdogo wangu, mwanafunzi wa fasihi asiyejua neno la Kireno, akaanza kutafuta vina. Mimi niliinama ninuse.

Yule mama akapitisha kiganja chake kati ya uso wangu na majani. Hakukasirika, alitikisa kichwa tu. Kisha akaupapasa mmea juu juu, taratibu, akanisogezea kiganja puani. Wenyeji husema ukiunusa kwa pua moja kwa moja utanyauka, kwa hiyo mkono ndio unaotumwa. Kilikuwa kiganja kigumu, chenye mikunjo iliyoingia weusi wa makaa, na kilinuka samaki kwanza, kisha mrehani, mrehani ule ule wa nywele za bibi yangu siku za Idi. Nilibaki pale nimeinama na begi langu, watu wakinipita kwa ubavu, mpaka mdogo wangu akanivuta mkono.

Mengine nayapitisha mbio. Hosteli tuliipata usiku wa manane. Keshokutwa yake tulikwenda mtaa wa Belém tukalitazama kaburi la da Gama, na baadaye, katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale, tukaiona monstransi, chombo cha kanisani cha kuonyeshea mkate mtakatifu, iliyotengenezwa mwaka 1506 kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa. Nilikasirika, nadhani kwa kiasi kilichostahili, ila hasira ilifika imechelewa ikakuta nafasi imekwisha kukaliwa. Siwezi kusema kwamba kiganja kile kilifuta kitu, wala sidhani mwenyewe alikusudia lolote zaidi ya kuuokoa mmea wake.

Mdogo wangu alirudi Lisbon kikazi mwezi wa Novemba mwaka mwingine, na tangu hapo hushikilia kwamba mimi mji ule siujui. Anasema alivipita vichochoro vile vile usiku asisikie ila viatu vyake, na kwamba nyumba nyingi sasa ni za kukodisha wageni. Namjibu kwamba naye anaijua Novemba tu. Tumebishana hivyo kwenye harusi na matanga ya ukoo, mpaka mama amepiga marufuku Lisbon kutajwa watu wakiwa wanakula.