Matundu Mawili ya Sindano

Usiku ule nilikuwa nimebakiza magauni matano na kanzu mbili. Ilikuwa Agosti 2013, siku nne kabla ya Idi, na fundi yeyote wa Ngamiani, Tanga, atakuambia kwamba mwisho wa Ramadhani si wakati wa kulala. Wateja wanapita baada ya tarawehe, huyu anataka kufupishiwa, yule kaleta kitambaa leo anakitaka kesho, na wote wanakuapia walikuambia tangu mwezi haujaandama. Mimi nina mimba yangu ya kwanza, wiki ya 33, nimekaa kwenye cherehani ya miguu barazani.

Uzi ukakatika. Nikaulamba ncha, nikausokota, nikaupeleka kwenye sindano. Haukuingia. Nikajaribu tena. Kila nikilenga naona matundu mawili, na pembeni yake vimulimuli vinachezacheza kama cheche za fundi wa kuchomelea. Mpwa wa mume wangu, binti wa miaka 15 aliyekuwa akinisaidia kutia vifungo, akaninyang'anya uzi huku anacheka.

"Mkaza mjomba, leo umeshakuwa bibi?"

Akautunga mara moja. Nami nikacheka. Kichwa kilikuwa kinanigonga nyuma ya macho tangu juzi, Panadol nilishameza mpaka nimeacha kuhesabu. Nikasema ni usingizi.

Kuvimba nako kila mtu alikuwa na maelezo yake. Miguu ilikuwa imejaa hadi kandambili zinaacha alama, na pete ya ndoa nilishaivua wiki mbili nyuma kwa sabuni ya kufulia, nikaitupia kwenye kopo la vifungo. Mavyaa alisema ni mtoto wa kiume, watoto wa kiume ndivyo wanavyovimbisha. Jirani akasema ni maji ya mtoto. Mimi nililaumu cherehani, na kwa kweli nilijisikia mzima. Nisingeweza kumwambia mtu yeyote kwamba naumwa. Mgonjwa ninayemjua mimi analala chini, anatapika, ana homa. Mimi nilikuwa nashona.

Kesho yake asubuhi akaja Bibi Nesi kuchukua dera lake. Alikuwa mkunga mstaafu, mtaa mzima anamwita hivyo hivyo, na ni mteja msumbufu kuliko wote niliopata kuwa nao. Kola akiitazama anaitazama kama kidonda. Siku hiyo dera hakulitazama. Alinitazama mimi usoni.

"Umeanza lini kuvimba macho?"

"Shikamoo bibi. Usingizi tu."

Hakuitikia hata shikamoo yangu. Akainama, akanikandamiza kidole gumba kwenye muundi, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa. Pale alipokandamiza pakabaki shimo. Tukalitazama wote, mimi, yeye na yule binti, shimo dogo la duara kama alama ya kifungo kwenye unga uliokandwa, na halikujaa upesi.

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

Kadi ilikuwa kwenye mtoto wa meza ya cherehani pamoja na chaki. Akapitisha kidole kwenye safu ya presha: 100/60, 110/70, 110/70. Hudhurio la mwisho, wiki tatu zilizopita, hapakuwa na namba. Palikuwa na mstari mfupi wa kalamu. Ndiyo siku nilipoambiwa zahanati kwamba mashine ya presha ni mbovu, vijiti vya mkojo vimekwisha, niende nyumbani nirudi mwezi ujao. Nilikuwa nimefurahi kwa sababu niliwahi kurudi kwenye kazi. Yule muuguzi alikuwa peke yake na foleni imefika mlangoni, simsemi vibaya. Ila huo mstari nimeukumbuka sana. Mtu anayeuangalia haraka atadhani kitu kimepimwa.

"Vaa baibui," akasema Bibi Nesi. "Dera langu litasubiri."

Tukapanda bajaji. Hospitalini alinipitisha foleni kwa sauti ile ile anayotumia kulalamikia kola. Wakanifunga mkanda mkononi, mashine ikapumua. Aliyepima akanyamaza, akasubiri kidogo, akapima mkono wa pili. Ilikuwa 170/115. Mkojo wangu ukachovywa kijiti, kile kibanda kidogo cha njano kikageuka kijani kizito. Protini, plasi tatu. Kuanzia hapo hakuna aliyeniruhusu kutembea kwa miguu yangu.

Daktari alikuwa kijana, mwembamba, na jambo moja ninalomshukuru ni kwamba alinieleza. Alisema presha ya mjamzito ikifika 140/90 si ya kuachwa, na ikifika 160/110 ni dharura hata kama mama anacheka. Ikipanda baada ya wiki ya 20 na protini ikaonekana kwenye mkojo, huo ni ugonjwa wenyewe, na ukiachwa mbele yake kuna degedege: kifafa cha mimba. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, hizo ni hodi za mwisho.

"Ni kwa sababu ya kazi? Cherehani?"

Akatikisa kichwa. Akasema chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, tena huko mwanzoni kabisa, kabla tumbo halijaonekana. Mishipa ya mama inayolisha kondo hutakiwa kutanuka. Yangu haikutanuka vya kutosha. Mimba inakua, kondo linaishiwa damu, linamwaga vitu kwenye damu ya mama vinavyojeruhi kuta za mishipa mwili mzima, kwenye figo, ini, hadi ubongo. Nikamwelewa kwa njia yangu. Ni mkono wa gauni uliokatwa mwembamba. Mtoto akiwa mdogo unamwingia, akinenepa unavutana kwapani, unavuta kifua, unavuta mgongo, na hakuna pasi itakayousaidia. Dawa yake ni kuuvua. Dawa ya ugonjwa huu nayo, alisema, ni mtoto na kondo kutoka. Tabu ilikuwa kwamba mtoto ana wiki 33.

Nikachomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, nikapewa dawa za kushusha presha, kisha ikaja magnesiamu. Hiyo sitaisahau. Kwanza ya mshipani, taratibu, ikanipita kama nimemwagiwa uji wa moto kwa ndani, kuanzia shingoni hadi unyayoni. Halafu gramu tano kalio hili, gramu tano kalio lile. Nimezaa, nimepasuliwa, lakini zile sindano za makalio ndizo zilizonitoa machozi. Baada ya hapo kila saa nne nyingine, na kabla ya kunichoma muuguzi ananigonga goti aone kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zangu, anaangalia mkojo kwenye mfuko. Dawa ile ikizidi huweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo kando yake walikuwa wameweka ya kalsiamu, tayari kwa kuizima. Haishushi presha, aliniambia muuguzi wa usiku. Kazi yake ni kuzuia degedege tu.

Mume wangu alikuwa safarini na lori. Aliyekaa nami ni mavyaa. Tangu atajiwe kifafa cha mimba alikuwa kimya, tasbihi mkononi, na nilijua anafikiria nini, kwa sababu ndani ya nyumba ile kulikuwa na habari moja isiyosimuliwa mbele ya yule binti anayenitungia uzi. Mama yake, wifi yangu ambaye sikuwahi kumwona, alifariki 1998, siku ya tatu baada ya kumzaa. Alijifungua salama nyumbani. Siku ya tatu akasema kichwa kinamuuma, haoni vizuri. Usiku akaanguka, akakakamaa, akatoa povu. Wakajua ni shetani, kwani mimba si ilishatoka? Wakaita mganga, wakamfukiza, wakamtia kijiko katikati ya meno. Hakufika alfajiri. Na tangu hapo kila mwezi wa Shaabani mganga anakuja kuizindika nyumba, anazungukia pembe nne, analipwa.

Siku ya pili jioni nikasikia maumivu chini ya mbavu za kulia, kama mtu anakunja ngumi humo. Presha 180/120. Daktari hakusubiri tena. Saa nne usiku nikapasuliwa, akatoka mtoto wa kike, kilo moja na gramu 600. Alilia kidogo sana, kama paka aliyefungiwa chumba cha pili.

Siku ya Idi nilisikia takbira kutoka misikiti ya mjini nikiwa kitandani, mtoto kafungwa kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, kofia ya sufi kichwani. Mpwa wetu alikuja na chupa ya uji, amevaa gauni nililolishona mimi na kulimalizia pindo yeye mwenyewe, pindo limepinda. Daktari akapita. Presha 150/100. Akasema sitoki.

"Lakini mtoto si ameshatoka?" mavyaa akauliza.

"Ameshatoka, mama, ila hatari haijaisha. Degedege linaweza kuja baada ya kujifungua, zaidi siku mbili za mwanzo, lakini hata baadaye. Wengine huwapata wiki kadhaa wameshaenda nyumbani."

Mavyaa akaweka tasbihi kitandani.

"Siku ya tatu?"

"Hata siku ya tatu."

"Kichwa kikamuuma, macho yakawa hayaoni."

Daktari akaacha kuandika. Nadhani ndipo alipotambua kwamba haulizwi habari zangu. Akavuta stuli akakaa, na mavyaa akamsimulia yote, fukizo, kijiko, alfajiri, kwa sauti ya chini, na yule binti amesimama miguuni pa kitanda na chupa yake ya uji. Nilitaka kumwambia atoke. Sikujua nitamwambiaje. Mtoto wangu alikuwa amelala juu yangu na mimi nimeganda.

"Kwa hiyo mwanangu hakuwa na shetani?"

"Mama, mimi sikumwona, siwezi kuapa. Ila kwa unavyonisimulia, ningekuwepo ningemchoma sindano hii hii aliyochomwa mkweo."

"Hii hii?"

"Hii hii."

Akajifunika uso kwa ushungi, akakaa hivyo mpaka daktari amemaliza kitanda cha mwisho. Binti akanimiminia uji. Hakuuliza kitu, siku ile wala njiani alipomsindikiza bibi yake nyumbani. Aliuliza mwaka mwingine kabisa, tukiwa tunakata vitambaa, na hayo ni yake, siyaandiki.

Nilikaa wodini siku 19, mpaka mtoto akaanza kuongeza uzito na presha yangu ikatulia kwa vidonge. Pete haikuingia kidoleni hadi arobaini ilipopita. Dera la Bibi Nesi nililimalizia bure, na bado alilalamikia kola. Mimba ya pili, 2016, nilianza kliniki mapema, nikapewa aspirini ile ndogo ya miligramu 75 kuanzia wiki ya 12, maana aliyewahi kuugua huweza kurudiwa. Nikafika wiki ya 38 na presha ya 130/80. Mashine ya presha ninayo nyumbani sasa, ipo juu ya kabati la vitambaa, na wateja wajawazito nawapima kabla sijawapima kiuno. Wengine hukasirika, wanasema wamekuja kushonewa.

Lakini nilikuwa nasema habari za mavyaa. Juni 2014, Shaabani inaelekea ukingoni, mganga alikuja kama kawaida yake na mkoba wake. Mavyaa alikuwa barazani, mwanangu kamkalia mapajani, ana miezi kumi, anatafuna kibuyu cha plastiki. Alimkaribisha, akamwitia chai na vitumbua viwili. Wakaongea habari za mvua. Alipomaliza chai akasimama na kuanza kufungua mkoba, mavyaa akamwambia mwaka huu hapana, akamtolea nauli.