Mpira Uliokwenda na Umande

Dada yangu ndiye aliyeuchagua ufukwe ule. Alitaka maji yasiyo na mawimbi, mchanga usio na mawe, na mahali pa kujilaza bila kumchungulia mwanawe kila dakika. Ulikuwa pembezoni mwa mji, mwisho wa barabara ya nyumba za watu, mbali na makelele. Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni.

"Unaona?" dada akasema, utadhani kaituliza mwenyewe.

Mwezi mpevu ulikuwa juzi yake, kwa hiyo ilikuwa bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, na maji yalikuwa yakipwa kwa kasi, yakiacha mchanga mpana ulioloa. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka 6, aligundua matundu ya kaa. Tulichuchumaa mbele ya moja, na kalikuwepo kaa kadogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kakitoka, kakichota mchanga, kakiufinyanga kuwa kijidonge na kukiweka pembeni. Vijidonge vilikuwa vimelizunguka tundu kwa mistari, kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Nadhani tulikaa pale nusu saa. Mimi ningekaa zaidi.

Lakini mtoto ana mpira. Ulikuwa mwekundu, wa plastiki nyembamba, nimeupuliza kwa mdomo mpaka masikio yakaziba. Boya la bata lilikuwa bado begini, likingoja zamu yake ya pumzi zangu.

Akaupiga teke. Ukatua majini.

"Mjomba, mpira!"

Hatua tano tu, nikajiambia. Maji magotini, mapajani, kiunoni. Kila nikinyoosha mkono, mpira unajiviringisha kidogo, shibiri moja mbele ya vidole vyangu. Hakuna wimbi hata la kusingizia. Nilihisi kaubaridi kakinipuliza kisogoni, nikaona raha. Maji yaliponifika kifuani nikaanza kuogelea, nami naogelea kama mtu aliyejifunzia bwawani: hodari, mradi kuna ukingo wa kushika. Nilipoinua kichwa, mpira ulikuwa mbali zaidi. Nikageuka kutazama ufukweni. Dada alikuwa amesimama, mikono kichwani, kimo chake kama kidole.

"Wewe kijana! Rudi! Utanunua mwingine!"

Alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akitembea kandokando ya maji, suruali kaikunja. Nikarudi. Kurudi kulikuwa kirefu kuliko kwenda. Vijiwimbi ambavyo sikuwa nimeviona vilinipiga usoni, na kila baada ya mikono michache nilishusha mguu kutafuta chini, nikakosa. Kidole gumba kilipogusa mchanga, ningeweza kuubusu.

"Shikamoo, mzee," nikasema huku nikihema.

"Marahaba. Mpira wa shilingi ngapi huo?"

Sikujibu. Akanionyesha kisogo chake kwa kidole. "Upepo umeusikia hapa, sivyo? Huo umande. Usiku bara hupoa upesi kuliko bahari, basi asubuhi upepo unashuka kutoka bara kwenda majini, mpaka jua lipashe nchi. Ukiwa huku unaona maji yamelala, kwa sababu upepo uko mgongoni kwako na wimbi halijapata nafasi ya kuinuka. Chochote chepesi kilichojaa hewa kinakwenda zake. Na leo maji nayo yanatoka. Siku nyingine huwa si mpira, mwanangu. Huwa boya, na mtoto yumo ndani."

Akaendelea na matembezi yake.

Dada hakusema neno. Alifungua begi, akalitoa boya la bata, akalikunja dogo kabisa, akalirudisha chini ya mataulo na juu yake akaweka viatu. Kisha akahamisha mkeka hadi mahali ambapo angeweza kumgusa mwanawe kwa mguu. Kulala chali kukaishia hapo.

Mchana upepo uligeuka, ukawa unatoka baharini, na maji yakaanza kujaa. Mpwa wangu alisikia tukilisema hilo, akaenda kusimama ukingoni kuungoja mpira wake. Alingoja kwa subira nisiyomjua nayo. Hatimaye kitu chekundu kweli kikaletwa miguuni pake: kandambili, ya mguu wa kushoto.

Akaiokota, akaikagua juu na chini, akairusha tena majini.

"Mwenyewe anaisubiri," akaniambia.