Mkono wangu ulivuta

Usukani wa ndege ulianza kutetemeka tukiwa futi 10,000, onyo kwamba tunakaribia kustoli, na mkono wangu wa kulia ukavuta kabla sijawaza lolote. Kidogo tu, kama sentimita mbili. Kapteni anayetufundisha, aliyekaa nyuma yetu ndani ya simuleta, mashine ya kuigiza urubani, akasimamisha kila kitu. "Dada, umeona mkono wako umefanya nini?"

Nimeuona. Usiku ule usingizi haukuja.

Nyumbani wakisikia ndege imestoli hudhani injini imezima, kama gari lililoshindwa na mlima. Mjomba wangu anashikilia hivyo hadi leo. Kumbe injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zote. Kinachoshindwa ni bawa: pua ikiinuka mno, hewa inayopita juu ya bawa hubanduka na kuvurugika, na bawa halibebi tena. Dawa ni kusukuma usukani mbele, pua ishuke. Lakini mwili unaohisi kuanguka unataka kupanda, unavuta!

Februari 2009, karibu na Buffalo, Marekani, usukani wa ndege ya abiria aina ya Q400 ulitetemeka na kapteni akavuta. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake, pale ndege ilipoangukia. Juni mosi mwaka huohuo ikafuata ndege ya A330 ya Air France, kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, wakafa watu 228. Vipima kasi viliziba kwa barafu, otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ikajitoa, rubani msaidizi akavuta.

Hii ya pili ndiyo inayoniumiza. Kasi iliyopimwa iliposhuka chini ya noti 60 (kama kilomita 110 kwa saa), kompyuta ilivikataa vipimo vya pembe ya bawa dhidi ya hewa na onyo la stoli likanyamaza, ilhali ndege ilikuwa bado inaporomoka. Pua iliposhushwa kidogo, vipimo vikakubalika tena na onyo likarudi. Yaani ukifanya sahihi unapigiwa kelele, ukikosea kunakuwa kimya. Gizani, juu ya Atlantiki, kwa dakika tatu na ushei. Siwezi kuwalaumu kwa wepesi.

Zamani marubani walipimwa kwa futi za kimo walizopoteza: ukipoteza chache, umefaulu. Kwa hiyo walizoea kuongeza nguvu ya injini na kuishikilia pua isishuke. Sasa tunafundishwa kupunguza pembe ya bawa kwanza, futi baadaye. Marekani iliamua mwaka 2013 kwamba marubani wa mashirika wafanye stoli kamili katika simuleta, na mashine nyingi zikabidi ziboreshwe, maana hazikujua ndege inafanyaje ikishastoli.

Tulirudia. Mtikisiko ukaja, bawa la kushoto likalala, tumbo likanipanda. Mara ya sita nikasukuma, nikasubiri bawa lishike, ndipo nikalisawazisha. Futi 1,400 zilikuwa zimekwenda. Kapteni hakuzitaja kabisa. Alizima taa za nje zote, akasema, "Tena. Sasa ni usiku."