Mlango Umepanuliwa, Viti ni Vilevile

Usiku wa tarehe 7 Novemba 2024 dada yangu alinipigia simu kutoka Calgary, Kanada, wakati hapa Moshi nilikuwa nimekwisha kuzima taa. Katika majira yao ya baridi miji hii miwili hupishana kwa saa 10, kwa hiyo kwake jua lilikuwa halijafika utosini. Aliniambia kwamba baraza la daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, lilikuwa limetoka kupiga kura ya kuwaruhusu vijana waliochezea ligi kuu za vijana za Kanada kujiunga na timu za vyuo za hoki ya barafuni kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Nilidhani ni habari njema, nikampa hongera. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, tulimnyima mtoto nafasi bure."

Mtoto aliyemsema ni mpwa wangu, aliyezaliwa huko mwaka 2006. Mwaka 2022, alipokuwa na umri wa miaka 16, timu moja ya ligi kuu ya vijana ilimhitaji. Familia ilikaa kikao, nami kama mjomba nikashirikishwa kwa simu, na kwa kuwa nimefundisha riadha shuleni kwa miaka mingi, neno langu lilipewa uzito. Sheria ya wakati huo ilikuwa haina utata: anayechezea ligi hiyo amejifungia mlango wa vyuo vya daraja la kwanza vya Marekani. Wazazi wake walitaka asome, na mimi nilitaka asome. Tukamshauri akatae, aende katika ligi ya chini yake, ambako sifa yake ya kuchezea chuo isingepotea. Alitii.

Kwa msomaji wa huku, ambaye mpira wa magongo anaoufahamu ni ule wa kwenye nyasi, inafaa nieleze jinsi ngazi za mchezo huu zilivyopangwa. Kanada ina ligi kuu tatu za vijana, yaani ya Ontario, ya Magharibi, na ile ya Quebec pamoja na majimbo ya pwani ya Atlantiki, zote chini ya mwavuli mmoja unaoitwa CHL. Wachezaji wake kwa kawaida wana umri wa miaka 16 hadi 20. Ratiba yao imejaa, safari za basi ni ndefu mno, na wengi huishi kwa familia za wenyeji katika miji ya ugenini. Timu huwapa posho, na kwa kila msimu anaocheza kijana huwekewa mwaka mmoja wa kulipiwa masomo ya baadaye. Pembeni yao zipo ligi nyingine, kama USHL ya Marekani na BCHL ya British Columbia, ambazo kwa miaka mingi zilijitangaza kwa hoja moja kubwa: ukicheza kwetu, chuo bado ni chako.

Kwa nini wa CHL walizuiwa? Kwa sababu NCAA iliihesabu ligi hiyo kuwa ya kulipwa. Baadhi ya wachezaji wake huwa wamekwisha kutia saini mikataba na klabu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki huko Amerika Kaskazini, na aliyecheza nao alichukuliwa kuwa si mchezaji wa ridhaa tena, hata kama yeye mwenyewe hakupokea zaidi ya posho ya kujikimu isiyozidi dola 600 kwa mwezi. Mwezi Agosti 2024 kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko Buffalo, New York, kwa niaba ya kijana aliyepoteza sifa kwa kucheza mechi mbili tu za kirafiki akiwa na timu ya Windsor Spitfires, naye alikuwa na miaka 16. Mechi mbili za kirafiki! Wakati huohuo, tangu Julai 2021, wanamichezo wa vyuo vya Marekani walikuwa wakiruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Chama kinachokubali mchezaji wake alipwe na kampuni, kisha kikamkataa kijana mwingine kwa posho ya sabuni na nauli, hakiwezi kuitetea sheria hiyo mbele ya hakimu kwa muda mrefu. Miezi mitatu baada ya kesi kufunguliwa, kura ikapigwa.

Sina ugomvi na kura yenyewe. Sheria ya zamani ilikuwa inamlazimisha mtoto wa miaka 15 au 16 achague kati ya ligi bora na elimu, na hakuna mtoto wa umri huo anayepaswa kubebeshwa mzigo kama huo. Waliofaidika ni wengi. Gavin McKenna, kijana wa Whitehorse katika eneo la Yukon, alipata pointi 129 (mabao na pasi za mabao) katika msimu mmoja akiwa na Medicine Hat Tigers, na mwezi Julai 2025 akatangaza kwamba anakwenda chuo cha Penn State. Porter Martone na Cayden Lindstrom, ambao wote wawili walikwisha kuchaguliwa na klabu za NHL, walikwenda Michigan State. Kwa vijana wa kiwango hicho chuo kimekuwa ngazi iliyokosekana: kwa muda mrefu mchezaji wa CHL mwenye miaka 18 au 19, aliyeizidi ligi ya vijana lakini hajakomaa kucheza NHL, hakuruhusiwa kushushwa katika ligi ya AHL ya watu wazima, akabaki pale pale akiwafunga watoto mabao.

Tatizo liko kwenye hesabu ya viti. Timu za vyuo vya daraja la kwanza zinazidi 60 kidogo, na idadi hiyo haikuongezeka kwa sababu ya kura. Zaidi ya hapo, mapatano ya kesi kubwa ya wanamichezo dhidi ya NCAA, ambayo Jaji Claudia Wilken aliyaidhinisha mwezi Juni 2025, yaliondoa ukomo wa ufadhili wa masomo, uliokuwa nafasi 18 kwa timu ya hoki, na badala yake yakaweka ukomo wa wachezaji 26 kwa kila timu ya chuo kilichojiunga nayo. Chukua timu 60 za vijana wa Kanada, zenye wachezaji zaidi ya ishirini kila moja, uziweke kwenye foleni iliyokuwa tayari imejaa, kisha uhesabu upya nani atafika dirishani. Kocha wa chuo anayetaka kushinda msimu huu atamchukua kijana wa miaka 20 aliyezoea mechi ngumu za CHL, naye yule wa miaka 18 ataambiwa asubiri mwaka mmoja, labda miwili. Hoki ina kanuni yake ambayo wazazi wa riadha wangeionea wivu: kijana anaweza kuendelea na ligi za vijana mpaka atimize miaka 21 bila kukatwa mwaka wa kuchezea chuo. Kanuni hiyo ilikuwa neema. Sasa imekuwa ndiyo sababu ya kumwambia kila mtu asubiri.

Ligi nazo zimetikisika, na si kwa kiwango kimoja. USHL na BCHL zilipoteza ile hoja kubwa siku ileile ya kura, kwani kijana wa Kimarekani aliyekuwa akiiogopa CHL sasa anavuka mpaka bila hofu. Penticton Vees, klabu iliyokuwa kama nguzo ya BCHL, ilihamia ligi ya Magharibi kwa msimu wa 2025-26, na nguzo ikihama kila mtu anaziona nyufa za nyumba. CHL yenyewe inawapokea wachezaji wazuri iliokuwa ikiwakosa, lakini pia inawapoteza wakongwe wake wa miaka 19 ambao zamani wangebaki kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Hata ligi ya vyuo vikuu vya Kanada imeguswa, maana ndiko walikokuwa wakiishia vijana wengi waliomaliza CHL, wakitumia ile miaka ya masomo waliyowekewa.

Mpwa wangu alikuwa na ahadi ya mdomo kutoka chuo kimoja cha Marekani. Katika majira ya kuchipua ya 2025 kocha alimpigia simu, akamweleza kwa upole kwamba nafasi yake imepewa mchezaji mwingine, mwenye umri mkubwa zaidi, anayetoka CHL. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu ahadi ya mdomo haimfungi mtu. Kijana alinipigia siku hiyohiyo. Aliniuliza, "Mjomba, kwani mimi nilikosea wapi?" Nilimjibu kwamba hakukosea popote. Kisha nikamwambia, kwa kuwa ni kweli na alistahili kuisikia kutoka kwangu, kwamba ushauri ule wa 2022 ulitoka kwetu wakubwa, na kwamba tuliusoma ukurasa wa sheria kama vile haungefunuliwa tena.

Jambo hili linaniuma kwa namna ya pekee kwa sababu sisi wa riadha tulipaswa kulijua. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, mji ulio katika jimbo lilelile anakoishi dada yangu, na baadaye akaenda kukimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Suleiman Nyambui, mshindi wetu wa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikimbilia chuo hichohicho. Wakati wa kizazi chao makocha wa Marekani walilalamika kwamba wakimbiaji wa Afrika Mashariki ni watu wazima wanaoshindana na vijana waliotoka sekondari jana, na NCAA ikaweka kanuni ya kuwakata miaka ya kushindana wale walioshiriki mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20. Kijana wa huku aliyechelewa kuanza shule, au aliyekimbilia timu ya jeshi kwa miaka miwili, alijikuta ametumia miaka yake kabla hajapanda ndege. Malalamiko ni yaleyale ya leo kwenye barafu, ya mkubwa kuchukua nafasi ya mdogo. Tofauti ni kwamba kwetu waliufinya mlango, na kwa hoki wameupanua.

Kwa hiyo ninapokutana na wazazi hapa Moshi, hasa baada ya Kilimanjaro Marathon, ninaanza na fedha. Binti mmoja ninayemfundisha alipata zawadi ndogo ya fedha katika mbio za barabarani mwaka jana, na mama yake akaniuliza kama kupokea fedha hiyo kutamharibia chuo. Nilimwambia kwamba kabla ya kujiunga na chuo kilichokuwa kikiangaliwa sana wakati huo ni kama zawadi imezidi gharama halisi za kushiriki, basi atunze risiti za nauli, malazi na ada ya kujiandikisha, na ofisi ya chuo inayohusika na ustahiki imthibitishie kwa maandishi. Nilimwomba pia aandike tarehe ya jibu hilo, kwa kuwa jibu sahihi la leo linaweza kuwa kosa mwaka ujao. Zamani sikuwa nikisema maneno hayo ya mwisho.

Ninachoamini ni kwamba kura ya Novemba 2024 ingeweza kuambatana na kipindi cha mpito. Kuanzia siku ya kura mpaka kanuni kuanza kazi kulikuwa na chini ya miezi 9, wakati uamuzi wa mpwa wangu ulifanyika miaka miwili kabla ya kura. Vyuo vingeweza kutakiwa kuheshimu ahadi zilizokwisha kutolewa kwa vijana waliokataa CHL kwa kutii sheria iliyokuwapo, angalau kwa misimu miwili ya mwanzo. Hilo lisingemzuia McKenna wala Martone, kwa sababu mchezaji wa kiwango hicho hupata kiti popote. Lingewalinda wale wa katikati, ambao ndio wengi, na ambao majina yao hayatangazwi.

Msimu huu mpwa wangu bado anacheza katika ligi ileile ya chini. Atatimiza miaka 21 mwaka 2027, na mpaka hapo mlango bado uko wazi kwake kisheria. Dada yangu ameanza kujaza fomu za vyuo viwili vya Kanada pia, na Jumapili iliyopita walinitumia orodha ya kozi ili niisome. Kijana ameweka alama kwenye uhandisi wa majengo. Bibi yake, ambaye yuko Kibosho na hajawahi kuona mchezo huo, aliposomewa orodha aliuliza tu kama huko atakakosoma kuna baridi zaidi ya aliyoizoea, nami nikamwahidi kwamba nitamuuliza mwenyewe.